Mama Panya na shangazi asiyetaka wageni

Mlinzi wa lango bado anapiga miayo wakati mwanamke mwenye mabuti ya mpira anapolala kifudifudi kando ya bwawa na kutumbukiza mkono majini hadi begani. Anapapasa. Anakipata kizibo, anakivuta kwa nguvu zake zote, na maji ya kijani yanaanza kunguruma bombani. Harufu inapanda. Mlinzi anakumbuka ghafla kwamba ana kazi upande wa pili.

Mwanamke haondoki. Maji yanapopungua anachukua kijiti na kuanza kuchokoa vinyesi vilivyobaki sakafuni, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua mchele.

"Hivi ni vya Shangazi," anasema. "Vigumu, kama kokwa za tende. Amekula, amelala. Hivi vya upande ule ni vya Maharusi. Laini. Wana wasiwasi." Anainuka, anajishika kiuno. "Hata mimi ninao leo."

Shangazi na Maharusi si watu. Ni kapibara, wanyama wakubwa kuliko wote katika jamii ya panya, na wanaishi katika bustani ya wanyama ambamo mwanamke huyu anafanya kazi. Shangazi ni jike mzee aliyekuwa hapa tangu akiwa mdogo. Maharusi ni dume na jike, vijana wote wawili, walioletwa kutoka bustani nyingine miezi miwili iliyopita.

Bwawa ni moja. Baada ya ugomvi wa siku ya kwanza limegawanywa katikati kwa wavu wa chuma, mwenyeji huku, wageni kule. Leo, jua likipanda na maji mapya yakipata joto, wavu utainuliwa. Wakielewana, Shangazi atabaki. Wakipigana kama walivyopigana mara ya kwanza, bustani haitakuwa tena na mahali pa kumweka.

"Kwa hiyo usiniulize kama nimekunywa chai," anasema mwanamke, na kufungua maji mapya.

Jina alilopewa na wazazi wake analijua mumewe na mhasibu wa bustani. Wengine wote, kuanzia mkurugenzi hadi watoto wa mtaani kwake, humwita Mama Panya. Lilipoanza lilikuwa la kejeli. Sasa likitajwa anaitika bila kugeuka.

Anayelifurahia zaidi ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye anauza sumu na mitego ya panya sokoni akiwa na kipaza sauti kilichofungwa kwenye baiskeli. Kila Jumapili huja kula kwa kaka yake, na kabla hajanawa mikono huwa amekwisha kuanza.

"Shemeji, hii familia haina msimamo," husema. "Mimi nawaua, wewe unawanenepesha. Tutafika kweli?"

"Sumu yako hata panya wa jikoni kwangu anaifanya kitoweo."

"Na mitego je?"

"Wa kwangu ana kilo hamsini. Mtego wako atauvaa bangili, akuulize kama una wa mguu."

Mumewe, fundi cherehani, huwasikiliza bila kuinua uso kutoka kwenye nguo. Macho yake yamedhoofika. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, mkewe humtungia uzi kwenye sindano kadhaa na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, za rangi nyeusi upande mmoja na nyeupe upande mwingine, zimtoshe mpaka atakaporudi.

Mshahara wa mtunza wanyama si mkubwa. Akishalipa kodi ya vyumba viwili, nauli, na karo ya binti yao wa mwisho, hubaki na robo yake. Robo hiyo na cherehani ndivyo vinavyoilisha nyumba. Amewahi kufikiria kuacha, mwaka ambao bustani ilichelewesha mishahara, lakini hakufika mbali.

"Nilifika kituo cha basi," anasema. "Nikasikia mluzi wao kutoka huko ndani. Wanapiga mluzi wakiwa na njaa. Nikarudi kuwapa majani, basi likaondoka, na mimi nikawa bado nimeajiriwa."

Kabla ya kuja bustanini alikuwa dobi. Kwa miaka mingi alifua shuka za wagonjwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kwa mikono, mpaka mashine ziliponunuliwa na wafuaji wakapunguzwa. Aliingia bustanini kama mfagiaji wa njia. Mtunzaji wa zamani wa kapibara alipostaafu, nafasi hiyo haikugombewa na mtu. Kulikuwa na waliotaka simba, na waliotaka twiga. Mnyama anayefanya choo katika maji anayoogea hakuwa na mteja.

Yeye hakuona tatizo. "Nimefua shuka za hospitali," anasema. "Wewe unataka kunitisha kwa kinyesi cha mla majani?"

Usafi ndio fahari yake, na hafichi. Katika mashindano ya ndani ya bustani, banda lake lilikuwa linapata sifa kila ukaguzi. Sakafu ilisuguliwa kwa brashi, kuta zikapigwa dawa, majani ya kulalia yakabadilishwa kabla hata hayajalowa. Wenzake walisema ukidondosha mkate kwenye banda la Mama Panya, mkate ndio unaochafua sakafu.

Wageni wanaofika kwenye ua wa kapibara huwa na mambo mawili: kuuliza ni mnyama gani, na kutoamini jibu. Wiki iliyopita kundi la wanafunzi lilijazana kwenye uzio, mwalimu wao akiwa nyuma kabisa na simu.

"Ni nguruwe!" alisema mmoja.

"Nguruwe gani ana manyoya? Ni mbwa amevimba."

"Ni sungura, ila amekatwa masikio."

"Ni panya," alisema Mama Panya.

Kundi zima likarudi nyuma hatua moja, mwalimu akatangulia.

Hapo ndipo hufurahia kueleza. Karibu na uzio kuna ubao wenye ramani ya dunia, na kwa kijiti kilekile cha asubuhi, baada ya kukiosha, huwaonyesha watoto wanakotoka wanyama wake.

Asili ya kapibara ni Amerika ya Kusini. Huishi kwa makundi kando ya mito, maziwa na mbuga zinazofurika maji, kuanzia Kolombia na Venezuela, kupitia Brazili, hadi kaskazini mwa Argentina. Ndugu zao wenye umbo dogo zaidi hufika hadi Panama. Kule huwindwa na jagwa, paka mkubwa mwenye madoa kama chui, na nyoka mkubwa aitwaye anakonda, na mamba wa huko, na binadamu wanaotaka nyama na ngozi. Wakishtuka huingia majini na kuzama, na wanaweza kukaa chini kwa dakika kadhaa. Pua, macho na masikio yao yamepangwa juu kabisa ya kichwa, hivyo mnyama mzima akijificha majini, vitu hivyo vitatu peke yake ndivyo vinavyochungulia.

Wapo waliozoea miji. Katika nchi hizo huonekana wakila majani kwenye bustani za umma, na hata katika mitaa ya watu wenye uwezo iliyojengwa juu ya vinamasi vyao vya zamani. Nje ya bara hilo, wengi wako kwenye bustani za wanyama, karibu kila pembe ya dunia. Katika jimbo la Florida, Marekani, wapo waliotoroka na kuonekana porini. Nchini Japani wamepata umaarufu kwa kuogeshwa maji ya moto wakati wa baridi, huku matunda ya jamii ya machungwa yakielea kando yao.

"Hao wa Japani binti yangu alinionyesha kwenye simu," anasema Mama Panya. "Wamefumba macho, tunda kichwani. Nikasema, hawa wamefika. Mimi wa kwangu nikimwekea chungwa kichwani, analitikisa lianguke, analila na ganda lake, halafu ananitazama kama nimemchelewesha."

Popote walipo, jambo moja halibadiliki. Kapibara ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake, anaharibika.

Shangazi alipata kujua hilo mwaka jana. Alikuwa na dada yake, wawili tu, na waliishi hivyo muda mrefu bila vituko. Msimu wa baridi dada akaugua mapafu na kufa. Kwa siku nyingi Shangazi alizunguka bwawa akiita. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kukawa kubaya kuliko kuita. Akawa anaingia majini na kubaki pua tu. Majani yalikauka pale yalipowekwa.

"Nilikuwa naleta kigoda, nakaa karibu, napiga stori," anasema Mama Panya. "Mambo ya nyumbani, bei ya vitu, shemeji yangu. Watu wakipita wanafikiri nimechanganyikiwa. Alikuwa anakula nikiwa nimekaa. Nikiinuka, anaacha."

Daktari wa wanyama wa bustani, mwanamke kijana mwenye miwani asiyependa maneno mengi, alisema mtu na kigoda si kundi. Akaandikiana na bustani nyingine, na baada ya muda likapatikana dume moja na jike moja, vijana. Walinzi wa lango, waliposikia kwamba wanakuja wawili kwenye gari moja, wakawaita Maharusi kabla hata hawajawaona.

Daktari alitoa maagizo mafupi. Kapibara hutambuana kwa harufu. Hujipangusa kwenye magogo, mawe na majani ili kuacha alama ya mwenye nyumba. Kwa hiyo banda la Shangazi lisiguswe. Lisisuguliwe, lisipigwe dawa, majani ya kulalia yasitolewe.

"Alisema vizuri, na mimi nilimsikia vizuri," anasema Mama Panya. "Lakini jioni ile nikasimama mlangoni, nikatazama. Wageni wanakuja kesho, kutoka bustani ya watu, na huku ndani kunanuka. Watasema nini wale waliowaleta? Mimi, dobi mzima? Nikashindwa kuondoka."

Aliosha kila kitu. Kuta, sakafu, gogo ambalo Shangazi alijipangusa kwa miaka yote, jiwe la kando ya bwawa. Majani ya zamani aliyatoa kwa toroli na kutandika mapya. Alipomaliza, banda lilinuka dawa na jua.

Asubuhi Maharusi walifunguliwa kutoka kwenye masanduku. Shangazi aliyekuwa nje aliingia bandani mwake, akanusa, akatoka. Akanusa jiwe. Akanusa gogo. Hakukuwa na mahali popote alipojikuta. Kisha akawaona wawili asiowajua katika mahali asipopajua, na akawavaa.

Kapibara ana sifa ya upole, lakini meno yake ya mbele hukua maisha yake yote na yanakata kama patasi. Dume alipasuliwa paja. Jike alichanika sikio. Shangazi mwenyewe aliumwa begani. Watunzaji waliwatenganisha kwa mbao, na mmoja wao akaangukia bwawani.

Daktari alikuja mbio, akapiga magoti, akanusa hewa.

"Mama, umeosha?"

"Nimeosha."

"Nyumba yote?"

"Mpaka dari."

Daktari akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa, na sketi yake. "Basi umemhamisha Shangazi kutoka kwake," alisema. "Wote watatu ni wageni."

Hakumkaripia. Mama Panya anasema angekaripiwa angepumua.

Uamuzi wa mkurugenzi ulikuja majeraha yalipoanza kupona. Ni mtu asiyefoka, na hata wanaompinga wanakubali kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Nusu bwawa haiwatoshi Maharusi. Ngozi ya kapibara hukauka na kupasuka ikikosa maji ya kutosha. Nusu nyingine haimtoshi Shangazi. Bwawa la pili haliko kwenye bajeti. Wavu usingeweza kukaa kupita mwezi huu.

Bustani tatu ziliulizwa kama zingemchukua jike mzee. Zote zilijibu kwa heshima, na zote zilikataa. Kilichobaki kilikuwa sindano ya daktari.

"Silipendi jambo hili," anasema mkurugenzi. "Lakini kumfungia mnyama wa kundi kwenye chumba cha saruji, peke yake, mpaka afe mwenyewe, halafu tuseme tumemhurumia? Hapana. Tumpe nafasi moja zaidi. Ikishindikana, daktari atafanya kwa upole."

Daktari aliomba wiki zote zilizobaki, na akamwita Mama Panya pembeni. Kazi aliyompa ilikuwa ya kutofanya kazi. Brashi ilifungiwa stoo. Dawa ya kuulia vijidudu ikapelekwa kwa nyani. Bwawa lingeendelea kubadilishwa maji, kwa ajili ya afya, lakini banda, magogo na mawe visiguswe na tone la sabuni.

Badala yake, kila asubuhi alichukua majani aliyolalia Shangazi na kuwatandikia Maharusi, na ya Maharusi akamtandikia Shangazi. Gunia lililopanguswa kwenye mgongo wa huyu likaning'inizwa kwa yule. Dume la kapibara lina uvimbe mweusi usio na manyoya juu ya pua, unaotoa majimaji ya kunata, na huupangusa kwenye kila anachokitaka. Gogo alilolipangusa dume, Mama Panya alilibiringisha hadi upande wa pili.

"Siku ya kwanza Shangazi aliling'ata," anasema. "Siku ya pili akalikojolea. Nikamwuliza Daktari, hiyo ni dalili nzuri au mbaya? Akasema, endelea."

Mabuti nayo yalikuwa na amri yake. Yasioshwe, maana yalibeba harufu ya pande zote mbili na kuzichanganya njiani. Mama Panya aliyaacha kwenye kibanda cha mlinzi, mpaka mlinzi alipotishia kuomba uhamisho. Akaanza kurudi nayo nyumbani.

"Mke wangu," alisema fundi cherehani usiku wa kwanza, "mimi nakupenda, na hilo unalijua. Lakini hayo mabuti yalale nje, na ikiwezekana na wewe uyasindikize."

Shemeji aliyakuta mlangoni Jumapili na kuyainua kwa vidole viwili. "Hii ndiyo nilikuwa naitafuta," alisema. "Nikiyaning'iniza kwenye baiskeli yangu, panya wa mji mzima watanifuata wenyewe. Sitauza sumu tena, nitauza tiketi."

Alicheka peke yake. Kisha shemeji, ambaye si mtu mbaya, akayarudisha mabuti taratibu na kuuliza mnyama anaendeleaje.

"Amelilalia gogo," alisema Mama Panya.

"Gogo lipi?"

"La dume. Ameliegemea usiku kucha."

Shemeji hakuelewa, lakini akasema, "Afadhali."

Sasa jua limefika juu ya paa la banda. Bwawa limejaa. Daktari anaweka mafungu ya majani mabichi sehemu tatu tofauti za ukingo, mbalimbali, ili asiwepo wa kulinda chakula chote. Watunzaji wawili, wa twiga na wa nyani, wamesimama na mbao pana za kutenganishia.

"Mama, umelala?" daktari anauliza.

"Jicho moja."

"Mabuti?"

"Machafu."

"Banda?"

"Chafu."

"Safi kabisa."

"Daktari, hilo neno usilitumie hapa leo."

Mtunza twiga anacheka. "Mama Panya, mikono mfukoni. Tukikuona na brashi tunakuingiza wewe kwenye sanduku."

"Wewe shika ubao wako. Mara ya kwanza si wewe ndiye uliyeogelea?"

Mkurugenzi amesimama nje ya uzio, mikono nyuma. Ameagiza sehemu hii ifungwe kwa wageni kwa siku nzima. Daktari anampa ishara mtunza nyani, kamba inavutwa, na wavu unapanda ukilia.

Kwa muda hakuna kinachotokea. Shangazi yuko majini, pua na macho na masikio. Maharusi wamesimama ukingoni upande wa pili, bega kwa bega, wakinusa. Dume ndiye anayeingia kwanza, polepole, bila kurusha maji.

Shangazi anabweka. Ni sauti fupi, kavu, kama mtu anayekohoa kwa hasira. Dume anasimama. Shangazi anaogelea, anamzunguka, anatokea nyuma yake. Anamnusa. Kisha anamrukia.

Dume anazama. Maji yanachafuka. Mtunza twiga anainua ubao wake, lakini daktari amenyoosha mkono: subiri. Dume anaibuka mbali, karibu na ukuta, na Shangazi amekwisha kugeuka kumfuata.

Hapo Mama Panya anawapa wote kisogo. Anatembea hatua chache hadi kwenye ukuta wa banda, anaegemea paji la uso wake kwenye tofali, na kubaki hivyo.

"Mtaniambia," anasema.

Nyuma yake kuna mbweko, kisha mwingine. Mtu anakimbia ukingoni. Kuna mshindo wa mwili mzito kuingia majini, na sauti ya daktari ikisema, "Bado, bado, msiingie." Halafu mbweko unakoma. Maji yanapiga ukuta wa bwawa, yanatulia. Mabega ya mwanamke aliye ukutani yanaanza kupanda.

"Mama," anasema daktari. "Geuka."

Dume yuko kwenye kona ya mbali, amejibana, amejua cheo chake. Hana jeraha. Shangazi ametoka majini na kusimama mbele ya fungu la majani, amenuna, manyoya yakichuruzika. Jike kijana amesimama upande wa pili wa fungu hilohilo. Anavuta jani moja. Anasubiri. Shangazi anamtazama, anaendelea kutafuna. Jike anavuta la pili. Baada ya muda ubavu wake unagusa ubavu wa mzee, na mzee hasogei.

Mtunza twiga anashusha ubao. "Ndiyo kusema wameelewana?"

"Ndiyo kusema wanakula," anasema daktari.

Mchana dume anajaribu kusogea mara mbili, na mara mbili anafukuzwa. Mara ya tatu anaachwa akae kwenye kivuli, si karibu sana. Mkurugenzi, aliyeahidi kukaa nusu saa, bado yuko pale, ametandika gazeti kwenye ukingo wa njia na kuketi juu yake.

Jioni inapoanza kupoa wanaingia bandani. Shangazi anatangulia. Jike anafuata nyuma yake, pua karibu imguse. Dume anasimama mlangoni kitambo, kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha anaingia na kulala karibu na kizingiti. Ndani kunasikika sauti ndogo za kugotagota kooni, ambazo kapibara huzitoa wakiwa karibu na wenzao.

Mkurugenzi anakung'uta suruali yake. "Abaki," anamwambia daktari. "Wavu uendelee kuwepo wiki moja, ukiwa juu. Likitokea lolote nijulishwe." Anapopita mbele ya Mama Panya anasimama, anaonekana kutafuta la kusema, na anachokipata ni: "Ukapumzike."

Hapumziki. Anaanza kukunja mpira wa maji. Anaulizwa kama, baada ya miaka yote hii, angependa siku moja kusafiri hadi Amerika ya Kusini, akawaone kapibara kwenye mito yao wenyewe, mamia kwa pamoja. Anatikisa kichwa.

"Nikafanye nini kule? Wale hawanijui na hawanihitaji. Wana mto, wana ndugu zao. Mimi nitakuwa mtalii tu mwenye mabuti."

Mpango wake ni wa hapahapa. Akibahatika, kabla hajastaafu jike kijana atakuwa amezaa. Watoto wa kapibara huzaliwa wakiwa na meno na manyoya, na baada ya siku chache hula majani kama wakubwa. Katika makundi ya porini majike husaidiana kulea, na mtoto huweza kunyonya kwa jike asiye mama yake. Amekwisha kumwomba mkurugenzi apunguze kina cha upande mmoja wa bwawa kwa ajili yao. Hajajibiwa. Atauliza tena.

Na Shangazi?

"Shangazi ni mzee," anasema. "Siku yake haiko mbali. Daktari ameniambia, na mimi mwenyewe namwona akipanda ukingo. Simwombei aishi milele."

Anautundika mpira wa maji kwenye msumari wake, anatazama mlango wa banda.

"Ila siku hiyo, nikija asubuhi na majani, naomba niwakute hawa wawili wamesimama tu. Hawataki kula, kama yeye alipofiwa na dada yake."